Beaver kama ndege ya kujifunzia injini ya radiali: tathmini kwa rubani wa Wilson

Rubani wa Nairobi aliyezoea Cessna 172 akitaka kujifunza kuwasha na kurusha ndege ya zamani yenye injini ya radiali, yaani ile ambayo silinda zake zimepangwa kwa duara, ndege tunayompendekezea kwanza ni de Havilland Canada DHC-2 Beaver. Si ndege rahisi. Ni nzito, inakunywa mafuta, na gurudumu lake la mkia haliwasamehi wenye miguu mizembe. Sababu yetu kubwa ni uwanja wenyewe. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na mchana joto likifika nyuzi 25, ndege inapaa kana kwamba iko karibu futi 8,000. Injini ya zamani isiyo na supachaja, kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini, hupoteza karibu robo ya nguvu zake hapo kabla haijaanza kazi. Boeing Stearman, ndege ya mabawa mawili inayopendwa na wengi, ina Continental ya nguvu ya farasi 220 tu na haina supachaja. Ukipanda na mwalimu mzito saa saba mchana, muda wako mwingi utakwisha ukihangaikia kupanda, na injini hutaisoma.

Beaver inatumia Pratt & Whitney R-985 Wasp Junior: silinda tisa, ujazo wa lita 16 na kidogo, nguvu ya farasi 450 kwa mizunguko 2,300 kwa dakika na presha ya manifoldi (presha ya hewa inayoingia kwenye silinda) ya inchi 36.5 za zebaki. Ina supachaja inayozungushwa na gia za injini. Kwa Wilson hutazipata inchi 36.5 hata ukisukuma throto, mkono wa nguvu, yote; tegemea kati ya 32 na 34, yaani karibu farasi 400. Hizo zinatosha kuibeba ndege ya kilo 2,300 bila wasiwasi. Beaver 1,657 zilitengenezwa kati ya 1947 na 1967, na si ngeni hapa kwetu: Jeshi la Anga la Kenya lilipoundwa Eastleigh mwezi Juni 1964, Beaver zilikuwa miongoni mwa ndege zake za mwanzo.

Kabla ya kugusa swichi

Kazi ya injini hii huanza nje ya ndege, na hapo ndipo shule nzuri na mbaya hujulikana. Silinda zimepangwa kuizunguka krenki, mhimili unaozungusha propela: namba 1 iko juu kabisa, namba 5 na 6 ziko chini. Ndege ikikaa siku mbili tatu, oili huteremka polepole, hupenya kwenye ringi za pistoni na kujikusanya ndani ya silinda za chini. Oili haibanwi kama hewa. Stata ikiisukuma pistoni dhidi ya oili hiyo, kitakachopinda ni konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki. Na konrodi iliyopinda haikatiki palepale. Injini inaweza kuwaka, ikanguruma vizuri, ikapita hata ukaguzi wa asubuhi, kisha ikaachia baada ya saa nyingi za kuruka, mko angani.

Kinga yake ni kuzungusha propela kwa mkono, kuelekea upande inakozunguka kawaida. Magneto zote mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche, zimezimwa, mchanganyiko wa mafuta na hewa umekatwa, throto imefungwa, magurudumu yamewekewa vizuizi. Aliye ndani anathibitisha kwa sauti kwamba swichi zimezimwa, na aliye nje anarudia kauli hiyo kabla ya kushika panga. Hata hivyo ichukulieni propela kama iliyo hai, kwa sababu waya wa kuzimia magneto ukikatika, swichi haizimi chochote. Propela ya Wasp Junior imefungwa moja kwa moja kwenye krenki bila giaboksi, kwa hiyo mizunguko miwili kamili huzipitisha silinda zote tisa kwenye mgandamizo. Kwa propela ya mapanga mawili hayo ni mapanga manne. Kwa ya mapanga matatu ni sita. Walimu wengi hupitisha tisa. Sisi pia tunashauri tisa.

Panga likigoma ghafla, ugumu ukawa si ule wa mgandamizo wa kawaida unaolegea ukisubiri kidogo, acha. Usilisukume kwa bega wala usiombe msaada wa stata. Na usilirudishe nyuma. Hili la mwisho tunalikazia kwa sababu linaonekana kufanya kazi: ukirudisha nyuma, oili husukumwa kupitia valvu ya kuingizia hadi kwenye bomba la hewa, propela inalegea, kila mtu anafurahi. Injini ikiwaka, inaivuta oili ile ile ndani tena, safari hii kwa kasi. Njia ya haki ni kufungua plagi moja kwenye kila silinda ya chini, namba 4 hadi 7, kuacha oili ichuruzike, kutoa iliyo kwenye mabomba ya kuingizia, kuzungusha tena hadi propela iwe huru, kisha kurudisha plagi. Mwanafunzi anayelipa kwa saa atachukia kusubiri. Asubiri.

Kipimo cha oili kina mtego wake. Injini hii huweka oili kwenye tangi la pembeni, na pampu ya kurudishia huinyonya kutoka chini ya injini na kuirejesha tangini. Ndege ikisimama siku kadhaa, sehemu ya oili huteremka kutoka tangini hadi ndani ya injini, na kijiti kinaonyesha upungufu ambao haupo. Ukiongeza hapo, injini ikiwaka tangi litafurika na oili itatokea kwenye bomba la kupumulia, ichafue tumbo lote la ndege. Pima mara baada ya kuzima, uandike, na asubuhi ulinganishe. Matumizi ya lita moja hivi kwa saa hayapaswi kukushtua. Mdomo wa kujazia oili kwenye Beaver uko ndani ya chumba cha rubani, chini ya nguzo ya katikati, na unaweza kuongeza hata mkiwa angani. Ni ubunifu tunaoupenda sana, ila kifuniko kisipokazwa vizuri atakayelowa miguu ni aliyeketi kulia. Kuhusu aina ya oili, gredi 100 inaenda sawa na asubuhi za baridi za Nairobi. Kama ndege inashinda Magadi au Lodwar, gredi 120 ina mantiki zaidi.

Tangi za mafuta ziko tatu, chini ya sakafu: mbele, katikati na nyuma. Unajaza ukiwa umesimama chini, upande wa kushoto, bila ngazi. Hakikisha umetoa maji kutoka zote tatu.

Kuwasha

Kabla ya chochote, soma kipimo cha presha ya manifoldi injini ikiwa imezimwa. Kwa Wilson kitaonyesha inchi 24 na nusu hivi, ilhali Mombasa kingeonyesha karibu 30. Ikumbuke namba hiyo, utaihitaji baadaye.

Chagua tangi la mbele. Mchanganyiko uwe tajiri kabisa, throto ifunguliwe kama nusu inchi. Vuta pampu ya mkono hadi presha ya mafuta ifike psi 5. Kisha praima, yaani sukuma mafuta kidogo ya kuwashia kwa pampu ndogo ya mkono. Hapa wanafunzi wengi hukosea. Praima hupeleka mafuta kwenye silinda za juu peke yake. Asubuhi ya Julai, injini ikiwa baridi ya kweli, mipigo mitatu hadi minne inatosha. Mchana, injini ikiwa imetoka kuruka saa moja iliyopita, mpigo mmoja au usipige kabisa. Ukizidisha, petroli huosha oili kwenye kuta za silinda, pistoni zikasagana na chuma kikavu, na petroli iliyobaki huteremka kwenye mabomba ya chini kungoja cheche.

Anza stata magneto zikiwa bado zimezimwa na uhesabu mapanga yakipita mbele yako, manne au matano. Huo ni ukaguzi wa pili wa oili iliyonaswa: stata ikisita, iachie mara moja. Mapanga yakipita vizuri, washa magneto zote mbili, huku mkono mwingine ukiendelea na pampu hadi pampu ya injini ichukue kazi. Injini itashika silinda moja, kisha tatu, kisha zote. Moshi mweupe wenye rangi ya bluu kwa sekunde chache ni oili ya silinda za chini inayoungua, usiogope. Moshi mweusi unaoendelea ni mafuta mengi kupita kiasi. Stata isizidi sekunde 30 mfululizo. Ipumzishe kabla ya kujaribu tena, vinginevyo unaipika.

Moto ukitokea kwenye njia ya hewa, silika ya mtu ni kuacha stata na kukimbia. Fanya kinyume: endelea kuzungusha, kata mchanganyiko, fungua throto yote, ili injini iuvute moto ndani. Mtu aliyesimama nje na kizima moto ndiye wa mwisho kuingilia. Kama shule haina mtu huyo nje kila inapowasha, hiyo ni kasoro, hata kama ndege yake inang'aa.

Injini ikishika, tazama presha ya oili kabla ya kitu kingine chochote. Isipopanda ndani ya sekunde 30, zima. Ikipanda, tulia kwenye mizunguko 600 hadi 800 kwanza, kisha 1,000, na usubiri. Usipeleke throto mbele kabla oili haijafika nyuzi 40 na vichwa vya silinda nyuzi 100. Oili nzito ya baridi haipiti upesi kwenye beringi, na injini ya miaka 70 haina sababu ya kukuvumilia.

Tatizo la Wilson ni foleni. Asubuhi ndege za Maasai Mara zinajipanga, nawe una injini inayonguruma polepole kwa mchanganyiko uliopangwa kwa hewa ya pwani. Kwenye mwinuko huu mchanganyiko tajiri kabisa ni tajiri kupindukia, na plagi 18 za injini hii huchafuka kwa masizi haraka. Punguza mchanganyiko ukiwa chini, shikilia mizunguko 1,000 badala ya 600, na elekeza pua kwenye upepo kila unapoweza ili silinda zipate hewa. Ukifika zamu yako, rudisha mchanganyiko mbele kabla ya kupima magneto.

Kupima magneto ndipo ile namba uliyoikumbuka inaporudi kazini. Peleka throto hadi kipimo kionyeshe presha ile ile iliyokuwepo injini ikiwa imezimwa, inchi 24 na nusu, kisha pima. Kwa njia hiyo unalinganisha injini na yenyewe siku hadi siku, bila kujali uko uwanja gani. Magneto moja ikizimwa, mizunguko isishuke zaidi ya 100. Ikishuka zaidi na injini ikatetemeka, mara nyingi ni plagi yenye masizi: ongeza nguvu kiasi, punguza mchanganyiko kwa dakika moja hivi, pima tena. Isiporejea, rudi kwenye hanga. Tembeza pia mkono wa propela mbele na nyuma mara mbili tatu ili oili ya moto ifike kwenye kitovu chake. Usukani uvutwe tumboni muda wote huo, mkia usije ukanyanyuka.

Angani

Kuhusu kupaa tutasema machache, kwa sababu hayo hufundishwa na miguu. Propela huzunguka kulia ukiitazama kutoka kitini, ndege hutaka kwenda kushoto, na hutaka zaidi pale mkia unaponyanyuka. Pedali ya kulia, mapema, kidogo kidogo. Flapu za Beaver hupandishwa na kushushwa kwa pampu ya haidroliki unayoivuta kwa mkono, na zikishuka, aileroni nazo hushuka. Zoea kuivuta bila kuangalia.

Somo lenyewe liko kwenye mikono mitatu ya nguvu (throto, propela na mchanganyiko) iliyo juu ya dashibodi katikati. Ukiongeza nguvu, tanguliza mizunguko (mkono wa propela) kisha presha (throto). Ukipunguza, tanguliza presha kisha mizunguko. Presha kubwa kwenye mizunguko midogo hufanya mafuta yalipuke kwa kishindo badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni hutoboka. Baada ya kupaa teremka hadi inchi 30 na mizunguko 2,000 kwa kupanda. Kwa safari, 28 na 1,800 inaleta amani.

Jambo ambalo rubani wa Cessna hulijua kwa shida ni lile la kushuka. Kwenye injini ya silinda nne bapa, unafunga throto na kuteleza. Hapa usifanye hivyo. Konrodi moja kuu hubeba nyingine nane, na beringi yake imezoea kusukumwa na pistoni kutoka upande mmoja. Ukifunga throto kwa kasi kubwa, upepo huigeuza propela kuwa ndiyo inayoiendesha injini, mzigo hugeuka upande, oili hukosekana pale inapohitajika. Kanuni inayotumika ni inchi moja kwa kila mizunguko 100: ukiwa na mizunguko 1,800, usiende chini ya inchi 18. Hapo hapo kuna suala la vichwa vya silinda kupoa ghafla na kupasuka. Kwa hiyo ukirudi kutoka upande wa Magadi ukavuka vilima vya Ngong, ambavyo kilele chake kinapita futi 8,000, anza kupunguza mapema, inchi moja moja. Rubani anayefika juu ya Wilson akiwa bado juu sana hana namna nzuri ya kuupunguza haraka mwinuko huo wa ziada. Afadhali azunguke.

Kabureta yake hushika barafu pia. Asubuhi zenye mawingu ya chini, mwezi wa Julai, presha ya manifoldi ikianza kushuka yenyewe bila wewe kugusa throto, vuta joto la kabureta, usingoje injini ikohoe. Na kuhusu tangi: hesabu muda kwa saa yako, badilisha kabla presha ya mafuta haijashuka, mkono ukiwa kwenye pampu.

Mapungufu yake

Beaver si ndege kamili ya shule. Inatumia takriban lita 80 hadi 95 za petroli ya ndege kwa saa, na hilo huonekana kwenye bili kabla ya kitu kingine. Usukani wake wa kawaida ni mmoja, unaopinduliwa kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa mafunzo ni lazima ndege iwe na ule wenye matawi mawili. Uliza pia kama pedali za mwalimu zina breki. Kama hazina, mwalimu hawezi kukuokoa ndege ikianza kujizungusha baada ya kutua, na tusingelipia somo la kwanza kwenye ndege ya namna hiyo.

Harvard, ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi, ina injini kubwa zaidi, R-1340 ya farasi 600, na stata yake ya kukanyaga, kisigino kwanza kisha vidole, ni elimu yenyewe. Lakini ina magurudumu ya kukunja na tabia kali chini. Iwe ya pili. Yak-52, ndege ya mafunzo ya Kisovieti, huwashwa kwa hewa iliyobanwa, ina gurudumu la pua, na propela yake huzunguka kinyume, kwa hiyo mguu utakaohitajika ni wa kushoto. Injini yake ya M-14P ya farasi 360 ina supachaja na haisumbuliwi sana na mwinuko wetu, ila haitakufundisha kuidhibiti ndege ya gurudumu la mkia. Hewa ikiisha kwenye chupa, stata haipo, na breki nazo hutegemea hewa hiyo hiyo.

Kabla hujalipa, omba kuona cheti cha shule kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, na uhakikishe aina hiyo ya ndege imo. Omba daftari la injini. R-985 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1953, kwa hiyo kila unayoiona imewahi kufunguliwa, na swali ni lini, na nani, na imeruka saa ngapi tangu hapo. Mwulize fundi alikuta nini kwenye chujio la oili mara ya mwisho. Fundi makini atakujibu bila kufikiri, na pengine atakuonyesha vipande alivyovihifadhi kwenye karatasi. Uliza injini ikikaa wiki nzima bila kuwashwa wanafanya nini.

Uliza pia saa inaanza kuhesabiwa lini: injini inapowaka, au magurudumu yanapoachana na lami. Asubuhi ya baridi, dakika 10 hadi 15 huishia kwenye kupasha oili moto, na kabla ya kuzima kuna dakika nyingine za kukaa kwenye mizunguko 1,000 hadi silinda zipoe na pampu irudishe oili tangini. Tafuta mkataba usiozitoza dakika hizo bei kamili, kwa sababu mwanafunzi anayezilipia huanza kuzikata.